Kufundisha urithi wa magonjwa wakati ugonjwa wenyewe umeketi darasani: mnafanyaje?

Mwalimu wa Baiolojia aliandika:

Nawasalimu walimu wenzangu na wote mnaofuatilia mjadala huu. Nafundisha baiolojia madarasa ya juu ya sekondari, na mada ya urithi ndiyo niliyokuwa nikiingoja kwa hamu kila mwaka, kwa kuwa ndani yake mwanafunzi hukutana na hesabu, kemia na maisha yake mwenyewe kwa wakati mmoja. Mwaka huu mada hiyo imenitoa jasho.

Tulipomaliza majaribio ya njegere ya Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, niliwaagiza wanafunzi wachore chati ya ukoo wao ya vizazi vitatu, wakionyesha nani ana ndewe zinazoning'inia na nani ana ndewe zilizoshikana na shavu. Kitabu tunachotumia kinasema kwamba ndewe zilizoshikana hutokana na jeni fiche, yaani isiyoonekana mpaka mtu awe na nakala zake mbili, na kwamba wazazi wawili wenye ndewe za aina hiyo hawawezi kupata mtoto mwenye ndewe zinazoning'inia. Msichana mmoja, hodari na mwangalifu katika kazi zake, alileta chati iliyokataa kanuni hiyo: baba na mama wote ndewe zimeshikana, zake zinaning'inia. Akauliza mbele ya wenzake, "Sasa mwalimu, mimi nimetoka wapi?" Darasa likaangua kicheko. Nilibabaika, nikasema labda amekosea kuchora, tukaendelea na kipindi.

Wiki iliyofuata nilifundisha selimundu. Nilichora ubaoni mraba wa vyumba vinne, nikaweka jeni za wazazi wawili wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni ya selimundu lakini haumwi, kisha nikazungushia chumba cha mwisho kwa chaki nyekundu na kusema, "Huyu ndiye mgonjwa." Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliinuka akatoka bila kuomba ruhusa. Baadaye nilikuja kujua kwamba mdogo wake ana selimundu, na siku ile alikuwa amelazwa hospitalini.

La tatu lilitokea katika mdahalo. Niliuliza iwapo watu wawili wanaojua kuwa ni wabebaji wa jeni moja waoane au la, nikitarajia hoja za pande mbili. Dakika kumi hazikupita kabla mwanafunzi mmoja hajasema kwamba "watu kama hao wasiruhusiwe kuzaa kabisa", na wengine wakampigia makofi. Sikujua kama nimkatishe au nimwache, kwa sababu ni mimi niliyewaambia kwamba katika maadili kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake.

Maswali yangu ni haya. Je, niache kabisa mazoezi yanayohusu familia za wanafunzi? Nizungumzeje juu ya ugonjwa wa kurithi nikijua kwamba huenda aliye nao, au nduguye, ananisikiliza? Na mdahalo wa maadili unapogeuka kuwa hukumu juu ya watu, nafasi yangu ni ipi?

---

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mwalimu mwenzangu, pole kwa yaliyokukuta. Zoezi la ndewe nililitoa mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo sina ubavu wa kukulaumu. Nianze na jambo litakalokupunguzia mzigo: chati ya msichana yule haina kosa, lililo na kosa ni kanuni ya kitabu. Umbo la ndewe hutokana na jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja, na ukitazama masikio ya watu mia moja kwa makini utaona kwamba hayagawanyiki katika mafungu mawili, bali yamejipanga kutoka yaliyoshikana kabisa hadi yanayoning'inia sana, na katikati wapo wengi usiojua uwaweke fungu lipi. Wazazi wenye ndewe zilizoshikana wanaweza kupata mtoto kama yule bila muujiza wowote na bila siri yoyote ya nyumbani.

Kukunja ulimi uwe kama mrija ni hadithi hiyo hiyo. Mwaka 1940 mwanajenetiki Alfred Sturtevant alipendekeza kwamba uwezo huo hutawaliwa na jeni moja. Mwaka 1952 ikaonyeshwa kwamba wapo mapacha wa kufanana ambao mmoja anaweza na mwenzake hawezi, na baadaye Sturtevant mwenyewe alikubali kwamba mfano wake haukufaa. Vitabu vya shule, inaonekana, habari hizo bado hazijavifikia. Rangi ya macho nayo si ya jeni moja, kwa hiyo usiitumie kama mbadala.

Makundi ya damu ya ABO ni mfano halali, maana yanafuata jeni moja yenye aleli, yaani namna tofauti za jeni hiyo, tatu, na ni kwa sababu hiyo hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Ukiwatuma wanafunzi wakaulize makundi ya damu ya wazazi wao, ipo siku utafichua jambo ambalo familia imelihifadhi kwa miaka kumi na mitano: mtoto aliyelelewa na asiye mzazi wake wa kumzaa, au mimba iliyopatikana kwa mbegu ya mtu mwingine. Hata pasipokuwa na siri, kuna hali adimu iliyotambuliwa Bombay mwaka 1952, ambapo mtu huonekana ana kundi O kwenye vipimo vya kawaida ilhali amebeba aleli ya A au B na anaweza kumrithisha mwanawe. Fikiria mwanafunzi anayeikuta hali hiyo kwenye daftari lake kabla hajaisikia popote.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: mwili wa mwanafunzi na ukoo wake visiwe vifaa vya maabara. Hilo halimaanishi tuache chati za ukoo. Ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza unatosha kwa vipindi viwili vizima. Yeye alikuwa mbebaji wa hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi ipasavyo. Mwanawe Leopold aliugua, na kupitia mabinti zake jeni ile ilivuka mipaka hadi kumfikia Alexei, mwana wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Mwaka 2009 uchunguzi wa mifupa ya familia hiyo ulithibitisha kwamba ilikuwa hemofilia B. Waulize wanafunzi kwa nini wanaume ndio walioumwa na wanawake ndio waliobeba, waache wahangaike nalo hadi wafike wenyewe kwenye kromosomu X. Kisha waulize jeni ilitoka wapi, kwa kuwa kabla ya Victoria ugonjwa huo haujulikani katika ukoo wake. Hapo utapata mlango wa kueleza mabadiliko mapya ya jeni, ambayo ndiyo chanzo cha takribani theluthi moja ya hemofilia, na mwanafunzi ataacha kudhani kwamba kila ugonjwa wa kijeni lazima uwe na babu wa kulaumiwa.

Kwa selimundu, tumia sarafu. Kila wanafunzi wawili wawe wazazi wabebaji. Upande mmoja wa sarafu ni jeni ya kawaida, upande wa pili ni jeni ya selimundu. Warushe sarafu mbili kwa pamoja mara nne, wapate "watoto" wanne, kisha mjumlishe matokeo ya darasa zima. Mraba wa ubaoni huwadanganya kwamba katika watoto wanne mmoja ataugua. Kwa hesabu, katika familia mia moja za namna hiyo, takribani 42 zitakuwa na mtoto mmoja tu anayeugua, 32 hazitakuwa na hata mmoja, na zinazobaki zitakuwa na wawili au zaidi. Familia inayofanana na kitabu si ya kawaida kiasi hicho, na mwanafunzi akiliona hilo kwa mikono yake halisahau.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikulitambua mpaka nilipokaribia kustaafu, nalo ni kwamba neno letu "urithi" linatupotosha kidogo. Mali ya marehemu hugawanywa, na aliyetangulia kupata sehemu yake huwapunguzia wanaomfuata. Wanafunzi wangu wengi waliamini kwamba mtoto wa kwanza akishauchukua ugonjwa, wadogo zake wamesalimika, kama vile fungu la ugonjwa limekwisha kutolewa. Tangu hapo nilikuwa nikianza mada kwa kusema waziwazi kwamba jeni hazigawanywi kama mashamba, hunakiliwa, na kwamba kila mimba hurusha sarafu upya bila kukumbuka zilizotangulia.

---

Mshauri Nasaha wa Urithi alijibu:

Namshukuru Mwalimu Mstaafu, hasa kwa hilo la mwisho, kwa kuwa mimi hukutana nalo kwa watu wazima. Kazi yangu ni kukaa na familia zilizopata au zinazosubiri majibu ya vipimo vya jeni, na naweza kusema kwamba nusu ya kazi hiyo ni kufumua maneno ambayo watu walijifunza darasani na mitaani.

Neno "tawala" ni mojawapo. Mwanafunzi husikia jeni inatawala, akaielewa kuwa ina nguvu zaidi, au ni bora, au imeenea zaidi. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, hutokana na jeni tawala na bado ni adimu. Kundi la damu O ni la aleli fiche na katika jamii nyingi ndilo lililoenea kuliko yote. Kutawala maana yake ni kwamba nakala moja inatosha kuonekana, basi. Neno "mbebaji" nalo huwatia watu hofu kwa sababu wamelizoea kwenye magonjwa ya kuambukiza, na nimewahi kukutana na mama aliyeacha kuchangia vyombo na wanawe baada ya kuambiwa kuwa ni mbebaji. Sema, tena zaidi ya mara moja, kwamba mbebaji wa jeni ya selimundu hamwambukizi mtu, na kwamba kwa kawaida ana afya njema maisha yake yote.

Na chaki nyekundu, Mwalimu, iweke kando. Chumba cha nne si "mgonjwa", ni mtoto aliyepata nakala mbili za jeni hiyo. Tofauti inaweza kuonekana ndogo, lakini kwa kijana aliyekaa nyuma, mdogo wake ana jina, ana timu anayoshabikia, ana siku za maumivu na siku za kucheza. Afadhali useme "mtu mwenye selimundu", kisha ueleze mwilini kunatokea nini: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, wenye asidi amino 146, moja tu, ya sita, imebadilika kutoka glutamiki kuwa valini, na badiliko hilo dogo huifanya himoglobini ishikamane pale oksijeni inapopungua, seli ikajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Vernon Ingram alilionyesha hilo katikati ya miaka ya 1950. Mwanafunzi anayejua sababu ya maumivu si mwepesi wa kuyadhihaki.

Msiziite jeni "mbaya" au "mbovu". Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba wenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hiyo imedumu mahali malaria ilipodumu. Nakala moja ni kinga, mbili ni ugonjwa. Ukilieleza hilo vizuri, mwanafunzi aliyetaka "kuifuta" jeni hiyo duniani huanza kujikuna kichwa.

Wala msiache wanafunzi waondoke wakiamini kwamba jeni ni hukumu isiyokatiwa rufaa. Mfano ninaoupenda ni fenilketonuria, iliyoelezwa na Asbjørn Følling mwaka 1934. Mtoto mwenye hali hiyo hawezi kuvunja asidi amino iitwayo fenilalanini, ambayo ikilundikana huharibu ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie alibuni njia ya kuitambua kwa tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga, lililokaushwa kwenye karatasi, na mtoto akianzishiwa mapema chakula chenye fenilalanini kidogo hukua na akili timamu. Jeni zake hazijaguswa, kilichobadilika ni sahani yake.

Sasa jambo ambalo sijaona mwalimu akilitaja, nalo ni la kijana yule aliyetoka nje. Huenda anajiuliza kimyakimya kama yeye mwenyewe ni mbebaji. Ikiwa wazazi wake wote ni wabebaji na yeye haumwi, uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni theluthi mbili, si nusu, kwa sababu kile chumba cha nne tayari kimeondolewa kwenye hesabu. Hili ni swali zuri la mtihani, na pia ni swali linalomnyima mtu usingizi. Tafadhali usiligeuze kuwa zoezi juu yake. Mwambie faraghani kwamba akitaka kujua, wapo wataalamu, na kwamba asipotaka kujua sasa, hilo nalo ni haki yake. Tamko la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya binadamu na haki za binadamu linasema kwamba uamuzi wa mtu kutaka au kutotaka kujulishwa matokeo ya uchunguzi wake wa kijeni uheshimiwe.

Haki hiyo ya kutojua huonekana vizuri zaidi kwenye ugonjwa wa Huntington. Mtoto wa mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Dalili kwa kawaida huanza utu uzimani, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993 na kipimo kipo, lakini wengi walio katika hatari huchagua kutopimwa. Miongozo ya wataalamu inashauri watoto wasipimwe kwa magonjwa ya namna hiyo, wasubiri wafikie umri wa kujiamulia. Wanafunzi hubishana sana juu ya jambo hili, na ni ubishi wenye faida, kwa kuwa hakuna jibu la kukariri.

---

Mzazi alijibu:

Mimi si mwalimu. Nina watoto watatu, wa kati ana selimundu. Nimesoma majibu yaliyotangulia na nayakubali kwa sehemu kubwa, ila ningependa kusema kitu ambacho huenda kikawakera baadhi yenu.

Mwanangu alipofika mada hii, mwalimu wake, kwa huruma tu, aliruka selimundu akafundisha ugonjwa mwingine ambao darasani hapakuwa na mtu aliyewahi kuusikia. Wenzake wote walijua kwa nini. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, hata kwenye kitabu nimeondolewa." Mficha maradhi kilio humuumbua, na shule inaweza kuyaficha maradhi kwa upole vilevile. Kwa hiyo mnaposhauriana jinsi ya kutomwumiza mtoto, kumbukeni kwamba ukimya nao una makali yake.

Niliomba mwalimu wa mwaka uliofuata azungumze na mwanangu kabla ya kipindi, peke yao, na amwulize mambo matatu: kama angependa kuwepo darasani, kama angependa kutajwa, na kama kuna jambo asilotaka lisemwe. Akachagua kuwepo bila kutajwa. Katikati ya kipindi akanyoosha mkono mwenyewe na kueleza jinsi maumivu yanavyoanza na kwa nini hunywa maji mengi. Alikuwa na uhuru wa kubadili mawazo, na hakuwekwa mbele kama kielelezo.

Na jingine, japo linaniuma kulisema. Darasani fundisheni kwa sauti kwamba selimundu huhitaji nakala kutoka kwa wazazi wote wawili. Miaka mingi lawama ilikuwa yangu peke yangu, na waliokuwa wakinilaumu walikuwa watu waliosoma.

---

Mwalimu wa Uraia na Maadili alijibu:

Mwalimu wa Baiolojia, nichukue swali lako la tatu, kwa kuwa ndilo ninalolifanyia kazi.

Kila mtu ana haki ya kutoa maoni, ndiyo, lakini mdahalo wa shule si baraza la kupitisha sheria juu ya waliopo na wasiopo. Tatizo, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye swali lenyewe. "Waoane au wasioane?" ni swali linalomweka mwanafunzi kwenye kiti cha hakimu kabla hajajua lolote kuhusu kesi. Ningeanza na swali la nani anaamua: ni wale wawili, familia zao, daktari, kampuni ya bima au serikali? Mara moja mjadala huhama kutoka kwenye thamani ya watu na kwenda kwenye mipaka ya mamlaka, na huko wanafunzi wana mengi ya kusema.

Kauli ya "wasiruhusiwe kuzaa" usiizime kwa karipio. Ina historia, na historia hiyo inajibu vizuri kuliko mwalimu. Mwaka 1883 Francis Galton aliipa jina fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua wanaozaa. Mwaka 1907 jimbo la Indiana nchini Marekani lilitunga sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa lazima, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaridhia mwanamke aitwaye Carrie Buck afanyiwe hivyo kwa hoja kwamba yeye, mama yake na binti yake mchanga walikuwa vizazi vitatu vya wenye upungufu wa akili. Binti yule alipoanza shule aliwekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, kabla ya kufariki akiwa na miaka 8. Ujerumani ikatunga sheria yake mwaka 1933, na watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi. Soma hayo polepole, kisha mwulize mwanafunzi wako, bila kejeli, kama angependa kuongeza neno kwenye kauli yake. Wangu wote waliomba kuibadilisha, isipokuwa mmoja, na huyo alinilazimisha nijiandae vizuri zaidi kwa kipindi kilichofuata.

Halafu waonyeshe kwamba hata nia njema hupotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yalilazimisha upimaji wa selimundu huku watu wakielezwa kidogo sana, na mbebaji mwenye afya akachanganywa na mwenye ugonjwa. Wapo walionyimwa kazi au bima, na chuo cha maofisa wa jeshi la anga kiliendelea kuwakataa wabebaji hadi mwaka 1981. Linganisheni na Cyprus, ambako thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ilikuwa mzigo mkubwa, na kanisa likaanza kuwataka wachumba walete cheti cha kuonyesha kwamba wamepimwa na kushauriwa, bila kuwakataza kuoana kwa sababu ya matokeo. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo walipungua sana, kwa sehemu kubwa kwa sababu wenzi wengi waliamua kupima mimba na baadhi yao kuzikatisha. Je, huo ni ushindi? Hapa mimi hunyamaza. Nina msimamo wangu, lakini nikiutoa, wanafunzi huacha kufikiri na kuanza kunisoma uso.

Kuhusu kuhariri jeni, tofauti moja inatosha kuanzia. Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba mwaka 2023 hubadilisha seli za uboho za mgonjwa mwenyewe, aliyeridhia, na mabadiliko hayo huishia kwake. Alichotangaza mwanasayansi He Jiankui nchini China mwaka 2018 ni kuhariri viinitete ambavyo vilizaliwa kuwa watoto, na watoto hao wanaweza kuyarithisha mabadiliko yale bila wao wala wajukuu zao kuulizwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka uliofuata. Waacheni wanafunzi watafute wenyewe mstari upite wapi.

---

Mwalimu wa Baiolojia aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mama, nakushukuru kipekee. Nimeshazungumza na kijana yule. Nilimwomba radhi kwa neno "mgonjwa" na kwa chaki nyekundu, akasema kilichomtoa si neno, ni kwamba nilikuwa nikitabasamu nilipolizungushia. Sikumbuki kutabasamu, lakini namwamini. Ameomba kipindi cha sarafu kitakapofanyika awe yeye wa kujumlisha matokeo ubaoni.

Limebaki la msichana wa ndewe. Nataka kulisahihisha bila kulichochea upya. Nimwite peke yake au niseme mbele ya darasa? Na nimwambie kwamba asiwe na wasiwasi juu ya baba yake?

---

Mshauri Nasaha wa Urithi alijibu:

Mbele ya darasa, kwa kuwa kicheko kilikuwa mbele ya darasa. Sema kwamba kanuni ya kitabu si sahihi, kwamba chati yake ilikuwa sahihi, na kwamba wewe ndiye uliyekosea kumwambia amekosea. Baba usimtaje hata kidogo. Ukimwambia asiwe na wasiwasi juu ya jambo ambalo hajalitaja, utakuwa umempa wasiwasi huo wewe. Akija baadaye peke yake na swali lake, msikilize hadi mwisho kabla ya kujibu, na ujibu lile aliloliuliza tu.

---

Mwalimu wa Baiolojia aliandika:

Nimefanya hivyo leo asubuhi. Alisikiliza, akafungua daftari, akauliza kama anaweza kurudishiwa alama zake mbili. Nimemrudishia.